Haki ya Jirani Katika Maradhi ya Kifua Kikuu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, nanyi akina mama na vijana mnaotusikiliza majumbani, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumza juu ya kikohozi. Pengine yuko atakayeona kwamba hilo ni jambo la daktari wala si la mimbari. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na kikohozi tunachokikusudia ni cha kifua kikuu, maradhi ambayo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliua watu 1,250,000 katika mwaka 2023. Mwaka huohuo watu wapatao 400,000 waliugua aina iliyo mbaya zaidi, yaani kifua kikuu sugu, ambacho hakisikii dawa ya rifampisini, iliyo nguzo ya matibabu, na mara nyingi hakisikii hata mwenziwe, isoniazidi.

Usugu huo unatoka wapi? Tabibu wa Kijerumani Robert Koch alivitambua viini vya maradhi haya mwaka 1882, lakini dawa ya kwanza iliyoviweza, streptomisini, haikupatikana ila mwaka 1943. Mwaka 1947 matabibu wa Uingereza walianza kuwapa dawa hiyo peke yake wagonjwa 55. Miezi ya kwanza wengi walipata nafuu ya kushangaza, kisha hali zao zikarudi nyuma. Baada ya miaka mitano, 32 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Sababu ni kwamba katika mapafu ya mgonjwa mmoja mna mamilioni ya viini, na miongoni mwa hivyo huwamo vichache ambavyo dawa fulani haiviwezi. Dawa ikiwa moja, vilivyo dhaifu hufa, na vile vichache huachiwa uwanja mtupu, vikazaana. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hupewa dawa nne pamoja kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Kinachoiponyoka hii hunaswa na ile.

Na yafaa vijana wetu wajue kwamba njia ya kuponya kwa miezi sita haikupatikana Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1970, zama ambazo tiba ilikuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu, wagonjwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kujaribiwa matibabu mafupi chini ya watafiti wa Afrika ya Mashariki na Uingereza. Dunia nzima imefaidika na subira yao.

Tazameni basi jinsi tunavyoiharibu neema hiyo. Mtu humeza vidonge wiki sita, kikohozi kikakoma, mwili ukarudi, naye akasema nimepona. Mwingine humgawia ndugu yake nusu ya vidonge kwa huruma, na ndugu mwenyewe hajapimwa hata kujua anaugua nini. Mwingine hukatiza kwa kuwa nauli ya kufika zahanati imemshinda. Na huyu lawama yake ni yetu sisi jirani zake kuliko yake yeye. Zipo pia nyakati ambapo mgonjwa hana kosa kabisa: dawa zimekosekana kituoni, au aliyemwandikia amekosea.

Sikilizeni yaliyotokea mwaka 2005 na 2006 huko Tugela Ferry, mahali pa mashamba katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Walipatikana wagonjwa 53 wenye kifua kikuu kilichozishinda karibu dawa zote zilizokuwa mkononi mwa madaktari. Waliopimwa virusi vya Ukimwi miongoni mwao wote walikutwa navyo, na virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kuidhoofisha miili yao. Wakafa 52, wengi wao katika muda wa wiki chache tu tangu kutoa makohozi ya kupimwa. Na lililo zito zaidi ni hili: kiasi cha nusu yao hawakuwa wamepata kutibiwa kifua kikuu maishani mwao. Hawakuacha dozi yoyote. Walivuta pumzi tu, na katika pumzi hiyo mlikuwa na viini vilivyokwisha kuwa sugu katika kifua cha mtu mwingine.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la haki ya jirani. Mwenye kukatiza dawa hudhani anaamua juu ya mwili wake. Kumbe anaamua juu ya mkewe, juu ya mtoto anayelala naye chumba kimoja, juu ya abiria wenzake, na juu ya yule ambaye bega lake hugusana na lake katika safu. Mtume wetu (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti kwa sababu harufu yake huwaudhi wenziwe, na harufu haiui mtu. Basi mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi na aende akapimwe, na mpaka daktari amwambie kwamba hana hatari kwa watu, aswali nyumbani kwake. Huo ni udhuru wa kisheria. Na tumefundishwa kwamba mgonjwa huandikiwa thawabu ya ibada aliyokuwa akiitenda alipokuwa mzima.

Wako wanaosema kwamba ajali imekwisha andikwa, dawa za nini? Hao na wamwangalie Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari ya tauni, ile iitwayo tauni ya Amwas, iliyowaua sahaba wengi mwaka 18 wa Hijria. Alishauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake maana yake lilikuwa kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Umar alikuwa na upungufu wa imani.

Lakini tahadhari isigeuke kuwa ukatili. Maradhi haya huenea kwa hewa. Hayaenei kwa sahani wala kikombe wala kwa kupeana mkono. Fungueni madirisha, mgonjwa afunike mdomo anapokohoa, na chakula chake apewe kwa heshima. Wapo wanawake waliopewa talaka kwa ajili ya kikohozi, na wapo waliofukuzwa katika nyumba za kupanga, nao wakajifunza kuficha ugonjwa. Na anayeficha huendelea kuambukiza. Aliyepatwa na kifua kikuu sugu asiulizwe amefanya nini. Huenda hakufanya lolote, kama wale wa Tugela Ferry.

Wala asikatiwe tamaa. Zamani tiba ya aina hii ilichukua miezi 18 hata 24, pamoja na sindano za kila siku zilizowaharibu baadhi ya watu masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita kwa wengi wao. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwapokea wagonjwa hao tangu mwaka 2009. Kipimo cha GeneXpert huonyesha usugu wa rifampisini katika muda wa kiasi cha saa mbili.

Limebaki la Ramadhani. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na siku zake atazilipa akipona. Anayeacha vidonge ili apate kufunga haongezi ucha Mungu wake, maana anatoa katika haki ya wengine. Aliyekwisha kupata nguvu, naye dozi yake ni moja kwa siku, na amwendee daktari kabla mwezi haujaandama amwulize kama inafaa kuimeza wakati wa daku. Akiambiwa haifai, ale. Na jamaa zake wasimtazame kwa jicho baya akitiliwa maji ya kumezea dawa mchana.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na uwarehemu waliotangulia. Aamin.