Kusahihisha Kumbukumbu za Utumishi Jeshini: Haki ya Mstaafu na Wajibu wa Ofisi

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Kaengesa, Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa)

Nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo mpaka siku linapowafika. Jambo lenyewe ni maombi ya wastaafu wa Jeshi kusahihishiwa kumbukumbu zao za kuachishwa utumishi. Ni jambo la karatasi, lakini nyuma ya karatasi hiyo kuna pensheni ya mzee, mirathi ya mjane, na heshima ya mtu aliyeitwa na nchi yake akaitika.

Hati anayopewa askari anapoondoka jeshini hutaja jina lake, namba yake ya jeshi, cheo, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu ya kutoka. Hakuna neno la bure katika hati hiyo. Tarehe mbili zile ndizo zinazopima urefu wa utumishi, na urefu wa utumishi ndio unaopima malipo. Sababu ya kutoka humtenga aliyemaliza muda wake kwa heshima na aliyefukuzwa, na humtambulisha aliyetoka kwa jeraha. Jina nalo ndilo ufunguo wa yote: likipishana na la kitambulisho, hata kwa herufi moja, mlango wa dirisha la malipo hufungwa.

Ndugu Wananchi, yafaa tuelewe makosa haya hutoka wapi, maana wengi hudhani kila hati yenye kasoro ni ya udanganyifu. Sivyo. Hapa kwetu Ufipa sababu zinajulikana.

Kwanza ni majina. Mtoto wa Kifipa wa zamani alipewa jina na wazee wake, akapata jingine kwa ubatizo, na aliposimama mbele ya karani wa kuandikisha askari akaulizwa jina la baba. Karani mgeni wa lugha yetu aliandika alivyosikia. Herufi R ikawa L, jina la baba likawa la ukoo, na jina la ubatizo likaachwa au likatangulizwa.

Pili ni umri. Wazee wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Miaka ilihesabiwa kwa matukio, kama vile njaa au ujio wa nzige wekundu, ambao Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalia yao yanayojulikana sana. Karani alikadiria mwaka, na makadirio yale yakageuka kuwa ukweli wa Serikali.

Tatu ni mahali. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, kwa kuunganisha Sumbawanga iliyokuwa Mkoa wa Mbeya na Mpanda iliyokuwa Mkoa wa Tabora. Kijana wa hapa aliyejiunga na Jeshi mwaka 1970 ameandikwa kuwa mtu wa Mbeya, na jambo hilo ni sahihi kwa wakati wake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, na baadhi ya makazi ya zamani yakabaki mahame. Mwaka 2012 nayo Mpanda ikatoka Rukwa na kuingia Mkoa mpya wa Katavi. Mtumishi asiyejua historia hii ataona mtu mmoja mwenye mikoa miwili, na atamshuku bure.

Nne ni mabadiliko ya majeshi yenyewe. Aliyejiunga wakati wa ukoloni aliingia King's African Rifles. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 kikosi hicho kikaitwa Tanganyika Rifles, nacho kikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kisha ikaja Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, ambapo wanamgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliungana na wanajeshi. Katika wingi ule na haraka ile, haishangazi kwamba si kila jina liliandikwa kwa utulivu.

Ndugu zangu, shida hii si ya leo. Nyanda zetu ziko jirani na mahali ambapo Vita Kuu ya Kwanza ilifikia tamati katika Afrika Mashariki. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Askari Waafrika waliobaki naye walitawanyika wakidai mishahara yao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha uamuzi wa kuwalipa waliokuwa bado hai. Vitabu vya historia vinasimulia kwamba wazee wapatao 350 walifika Mwanza kwenye ofisi ya malipo, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Wengine walishika vipande vya sare zilizochakaa. Ofisa aliyekuja na fedha, inasemekana, akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa, ingawa ilikuwa imepita miaka 46.

Simulizi hiyo huchekesha, lakini ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ukosefu wa karatasi si ushahidi kwamba mtu hakutumika. La pili ni kwamba ofisa yule hakuwarudisha wazee makwao kwa kuwa fomu haikujazwa; alitafuta njia ya haki ya kupata ukweli. Hata hivyo si vema mzee wa miaka sabini au themanini apimwe kwa ufagio. Kazi ya kumbukumbu nzuri ni kumwondolea aibu hiyo.

Nchi kubwa nazo zimepatwa na haya. Marekani iliweka mwaka 1946 sheria iliyowezesha kuundwa kwa bodi za kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi, ili mstaafu aliyeandikiwa kosa asilazimike kutafuta sheria ya Bunge kwa ajili yake peke yake. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la majalada ya wanajeshi mjini St. Louis, yakateketea majalada kati ya milioni 16 na 18. Serikali haikuwaambia wenye majalada kwamba utumishi wao umeungua. Ilianza kuunda upya kumbukumbu kwa kutumia hati za mishahara na nyaraka nyingine zilizokuwa kwingineko. Kosa la ghala halikufanywa deni la askari.

Kwetu Tanzania misingi ya kisheria ipo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu kwa utaratibu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuomba taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Ni kweli mambo ya ulinzi na usalama wa Taifa yana mipaka yake katika sheria hizi, na mipaka hiyo lazima iheshimiwe. Lakini mzee anayetaka jina la baba yake liandikwe sawasawa haombi siri ya Jeshi. Anaomba jina la baba yake.

Sasa nieleze namna ya kuomba. Mwombaji aandike barua fupi yenye mambo manne: hati inasema nini, ilipaswa kusema nini, ushahidi ni upi, na anaomba nini kifanyike. Tuseme hati inaonyesha mtu aliingia jeshini mwaka 1977, naye aliingia 1971. Asianze na malalamiko ya maisha yake yote. Ataje namba yake ya jeshi, kikosi cha kwanza, mahali pa mafunzo na majina ya wakuu wake anaowakumbuka. Aambatishe nakala za kitabu cha malipo, barua ya kupandishwa cheo, cheti cha nishani, cheti cha hospitali ya Jeshi, hata picha yenye tarehe. Hati halisi abaki nayo mwenyewe.

Panapo tofauti ya majina, aende kwa hakimu au wakili akaape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Cheti cha ubatizo kutoka parokiani na barua ya Mtendaji wa Kata husaidia. Askari wenzake waliotumika naye nao waandike maelezo yao wangali hai, kwa sababu shahidi huyu hapungui thamani, bali hupungua idadi kila mwaka.

Mlango wa karibu wa mambo ya Jeshi ni Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ataelekeza barua inakostahili kwenda. Kwa mambo ya malipo, Hazina Ndogo ya Mkoa ipo Sumbawanga. Hakuna sababu ya kumpa fedha mtu wa njiani anayejidai kuwa na ndugu Makao Makuu. Watu wa namna hiyo wamewatoza wazee pesa nyingi kuliko kosa lenyewe lilivyowapotezea.

Natoa pia tahadhari. Kusahihisha si kubadilisha. Aliyeachishwa kwa hukumu halali hawezi kuifuta kwa barua ya kusahihisha jina. Hilo lina njia yake ya rufaa. Anayepunguza au kuongeza umri ili apate faida, au anayeapa uongo, anatenda kosa la jinai, tena anawachafulia wenzake wa kweli. Na asiyeridhika na hati yake asiifute wala kuiandika juu kwa kalamu. Hati iliyokwaruzwa humgeuza mwenye haki kuwa mtuhumiwa.

Kwenu Ndugu Watumishi, neno langu ni hili. Barua ya mstaafu ikifika masijala, isajiliwe siku hiyo hiyo na mwenye barua apewe namba ya kumbukumbu. Neno "rudi kesho" kwa mtu aliyetembea kutoka bondeni kupanda huku juu ni adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa. Jalada lisahihishwe kwa kuongeza maelezo yenye tarehe, saini na mamlaka ya aliyeidhinisha, wala lisisahihishwe kwa kufuta, ili atakayefuata aone nini kilikuwapo na kwa nini kimebadilika. Na ombi likikataliwa, sababu zitolewe kwa maandishi. Mtu akiijua sababu anaweza kuijibu; ukimya haujibiki.

Mwisho nawageukia wazee na familia zenu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungueni masanduku yenu sasa, msome hati zenu pamoja na watoto wenu, na mlinganishe majina, tarehe na namba. Kosa likisahihishwa mwenyewe akiwa hai huhitaji barua na kiapo. Likingoja mpaka afariki, mjane hukutwa mbele ya Mahakama ya Mwanzo akiomba usimamizi wa mirathi ya mtu ambaye kwa jina la cheti cha ndoa ni mumewe, na kwa jina la hati ya Jeshi ni mgeni.

Kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari waliokufa katika Vita ya Kagera, nao hawana tena barua ya kuandika. Waliorudi wangali nasi, na wanaomba jambo dogo: kwamba walichokifanya kiandikwe kama kilivyokuwa. Ofisi zetu zinaweza kulitimiza, na huu ndio wakati wake.