Juu ya Kuandikwa na Kutoandikwa katika Bima ya Afya
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa na Halmashauri kusema machache juu ya fomu ya bima ya afya kwa watumishi wa shule. Twajua ya kuwa ni jambo kavu, na ya kuwa wengi wenu mmeketi hapa tangu saa nane. Walakini katika makaratasi yote yapitayo mezani kwa karani, hakuna liwezalo kumgharimu mwenzetu kama hili.

Yafaa tukumbuke asili yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwekwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, na walioingizwa kwanza walikuwa watumishi wa serikali kuu. Mtumishi hukatwa 3 kwa mia ya mshahara, na mwajiri hutoa 3 nyingine, jumla 6. Kwa fedha hiyo hutibiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne, yaani watoto au wazazi. Kwa sisi tulio katika shule za serikali hapana shauri la kukubali wala kukataa, maana makato hufanywa kabla mshahara haujatufikia mkononi. Wenzetu wa shule za binafsi hawakuwa hivyo. Mwajiri wao aliweza kujiunga au kukaa mbali, naye akijiunga, mara nyingi aliwauliza watu wake mmoja mmoja.

Mwaka 2018, kabla hatujaingia serikalini, tulikuwa karani katika shule moja ya namna hiyo, na jina lake halina faida hapa. Mwenye shule akakubali kutoa nusu yake. Akatuagiza tupitishe fomu kwa kila mtu, na asiyetaka aandike kwa mkono wake kwamba hataki, atie sahihi. Tulipitisha fomu 22. Karatasi za kukataa zikarudi 9.

Katika hao 9 mmoja alikataa kwa sababu ya haki kabisa. Alikuwa mwalimu wa kike, na mumewe ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya. Yeye na watoto wao watatu walikuwa wamekwisha kuandikwa katika kadi ya mume. Aliona hana haja ya kukatwa mara ya pili kwa matibabu yale yale. Hatukumlaumu, wala hatumlaumu leo, ila tungelimwuliza jambo moja: mume akiacha kazi, au akifa, kadi ile itasimama kwa muda gani? Hakuna aliyemwuliza.

Wale 8 walikataa kwa sababu nyingine. Wengine walisema hawaugui. Mlinzi alisema hospitali ni mbali. Mpishi wetu alisema makato yamekwisha kuwa mengi, na neno lake lilikuwa kweli. Mshahara wake ulikuwa Shs. 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo angelikatwa Shs. 6,000, ambazo kwake ni unga wa siku kadhaa.

Lakini hesabu ile ina upande wa pili. Shule nayo ingelitoa Shs. 6,000 kwa ajili yake. Alipotia sahihi ya kukataa alidhani ameokoa fedha zake. Kumbe aliokoa nusu, na nusu ya pili akamwachia mwenye shule. Hesabu hii hatukumwonyesha. Tulizipokea karatasi, tukazitoboa, tukazitia katika faili, tukaona kazi ya karani imekwisha.

Mwaka uliofuata mpishi alipatwa na ngiri, akapasuliwa. Ili kulipa aliuza baiskeli, akauza na mabati aliyokuwa akiyaweka kidogo kidogo kwa nyumba yake. Alipopona alikuja afisini, akaketi, akatuomba tumtolee ile karatasi. Tukaitoa. Akaitazama sahihi yake muda mrefu, kisha akauliza kama yaweza kuchanwa. Tukamjibu ya kuwa kuichana hakutarudisha kitu. Akasema, “Najua, karani, lakini wewe ulijua kusoma.”

Mabwana, hatukuwa na jibu siku ile.

Wala msidhani ya kuwa aliyeandikwa amekwisha kuokoka. Sisi wenyewe tulipoajiriwa serikalini tulijaza fomu yetu kwa haraka. Tulimwandika mke, tukaandika watoto wawili, na mistari miwili tukaiacha wazi. Tulijiambia ya kuwa tunawawekea nafasi watoto watakaozaliwa! Mama yetu alikuwa hai kijijini, na sheria ilituruhusu kumwandika. Alipoanguka kisimani akavunjika nyonga, mistari ile miwili ilikuwa bado wazi, na kila kitu tulilipa taslimu, pamoja na kukopa kwa ndugu zetu. Mstari mtupu haumtibu mtu. Mtoto akizaliwa huandikwa akiisha kuzaliwa, kama nafasi ipo; mzazi aliye hai leo aandikwe leo.

Tena tulipotaka kumwandika, tulikutana na shida ya majina. Ili kumwingiza mzazi, mwanachama huonyesha cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa, chenye jina la mzazi huyo. Katika cheti chetu mama aliandikwa kwa jina la ubatizo, na katika kitambulisho cha taifa kwa jina la nyumbani. Ikatubidi kwenda kwa wakili kufanya hati ya kiapo. Ndugu, tazameni vyeti vyenu wakati mna afya, maana mgonjwa akiwa kitandani hapana atakayekuwa na subira ya kulinganisha herufi. Mwenza huhitaji cheti cha ndoa, na mtoto cheti cha kuzaliwa. Na mtoto wa ndugu, hata kama mwamlea tangu utoto, haingii kwa huruma yenu tu.

Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imemtaka kila mkazi awe na bima, na kwa hiyo zile karatasi za kukataa hazitakuwa na nafasi tena. Twafurahi kwa hilo. Lakini sheria haimjazii mtu fomu. Mpishi na mlinzi watakuja mezani kwetu kama kwanza, watauliza, “Niandike wapi?”, na wengi wetu tutawaonyesha mahali pa sahihi tu, kwa kuwa ndipo kidole kinapofika upesi.

Kwa idhini ya Mwenyekiti, Jumamosi ijayo tutakaa katika chumba hiki tangu saa tatu asubuhi. Mwenye fomu aje nayo, pamoja na vyeti vya nyumba nzima na karatasi yake ya mshahara wa mwezi uliopita. Aliye na mpishi au mlinzi katika shule yake, na amlete.