Nani Atakubali Mtoto Achanjwe?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya parokia)

Sitaongea sana, najua shamba linangoja.

Mnakumbuka Julai 2025, tarehe 5 hadi 14, wauguzi walizunguka nchi nzima. Watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walikuwa wapate chanjo ya homa ya matumbo, na wale wa chini ya miaka mitano, ya ukambi na rubela. Katika boma moja ninalotembelea, mama alisema, "Ngojeni kwanza nimuulize baba yake." Baba yuko kazini mbali. Simu hakushika mpaka wauguzi wakaenda zao. Septemba mtoto akashikwa na ukambi, na jicho la kushoto likabaki na kovu. Simlaumu yule mama. Alidhani sheria ndiyo inasema hivyo, na sisi wa huduma ya jamii hatukuwa tumemweleza.

Sheria haisemi hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Mtoto naye ana haki ya huduma ya afya. Sheria ya Watoto ya 2022 inaongeza kwamba hakuna mzazi mwenye haki kubwa kuliko mwenzake. Kwa hivyo mama akiwa peke yake nyumbani, neno lake ni neno la mzazi kamili. Wazee, naona mnatazamana! Nanyi mnaweza kubeba mtoto mpaka kliniki, hamtafukuzwa.

Lakini kukubali si kunyoosha mkono wa mtoto tu. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe kwanza, kwa lugha unayoielewa. Uliza: hii ni chanjo ya ugonjwa gani? Akipata homa usiku nifanye nini? Mwaka 2014 maaskofu wetu waliuliza maswali makali juu ya chanjo ya pepopunda, na watu wengine wakachukua hiyo kama ruhusa ya kukimbia kila sindano. Sivyo. Dispensari za Kanisa zenyewe huchanja watoto.

Shida iko kwa nyanya wanaolea wajukuu. Muuguzi akifika, nyanya anaogopa kuamua mambo ya mtoto wa mwenyewe. Basi mzazi anayesafiri aache kile kijitabu cha kliniki nyumbani, asiende nacho Nairobi ndani ya sanduku. Aache pia barua fupi yenye jina lake na namba ya simu, na apite kwa muuguzi wa dispensari kumjulisha nani anabaki na mtoto.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kabla ya kuchanga pesa, kila mtu alete kijitabu. Tutaangalia pamoja nani amekosa ya miezi 9 na nani ya miezi 18. Wasiojua kusoma wakae karibu na mwandishi wa kikundi.