Dawa Ipo, Je, Moyo Ukoje?

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika za Musoma, Bunda na Butiama)



Ndugu wajumbe na wafadhili wetu wapendwa, leo tunawaletea habari za vijana wetu wenye kisukari aina ya kwanza. Hawakukipata kwa kula sukari nyingi, wala hawakurogwa. Kinga ya miili yao imeharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila insulini hawawezi kuishi. Mtu wa kwanza kudungwa dawa hiyo, Januari 1922 huko Toronto, Kanada, alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Huo ndio umri wa watoto wetu wa kipaimara.

Tumezoea kuuliza kama dawa ipo. Tulipowatembelea majumbani tulijifunza kuuliza pia moyo ukoje. Binti mmoja wa Bunda alituambia kwamba shuleni hujidunga chooni, maana wenzake walimwita teja. Kijana wa Butiama aliacha sindano baada ya kuombewa, akiogopa kuonekana hana imani. Siku ya tatu alifikishwa hospitali hajitambui. Tunamshukuru Mungu, alipona. Kijana yule hakuwa mkaidi. Alikuwa amechoka, nasi watu wa kanisa tukamwongezea mzigo.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo manne.

Kwanza, tuwaombee, na sindano iendelee.

Pili, mwalimu wa kipaimara amruhusu kijana kula katikati ya somo. Akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo, tusikimbilie kusema ni pepo au pombe; huenda sukari imeshuka. Apewe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja. Akizimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali haraka.

Tatu, familia isiyo na jokofu isaidiwe vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, ili joto lisiharibu insulini.

Nne, tuwakutanishe vijana hawa kila robo mwaka, wazungumze wenyewe bila sisi wakubwa kuwahubiria.

Wafadhili wetu, mnapotusaidia vichupa na sindano, tunaomba mkumbuke pia nauli ya mikutano hiyo. Kijana anayejua kwamba hayuko peke yake hahitaji kujificha chooni.