Wiki Tano Mwanza: Saratani, Nauli na Malazi ya Mgonjwa wa Mpakani

Mhadhara wa umma uliotolewa Murongo, wilayani Kyerwa



Mwanamke wa wilaya hii akikutwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kupita hatua ya kutibiwa kwa upasuaji, lakini haijasambaa mbali, matibabu yake yanajulikana. Kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Akiwa na figo nzima atawekewa pia dripu ya sisplatini mara moja kwa wiki. Mwishoni huingiziwa mionzi ya ndani. Kila siku ya mionzi ya nje, tangu apande kwenye kitanda cha mashine hadi ashuke, muda wenyewe hauzidi sana robo saa. Shughuli yote inatakiwa iishe ndani ya wiki nane, kwa sababu ikikatizwa katikati, seli zilizosalia hupata nafasi ya kuota upya na matumaini ya kupona hupungua.

Pigeni hesabu wenyewe. Robo saa iko mikononi mwa daktari. Saa 23 na dakika 45 zinazobaki, huyu mama anakaa wapi? Anakula nini? Nani anamuuguza, na huyo anayemuuguza amewaachia nani watoto wake?

Nimeombwa nieleze jinsi hospitali bingwa ya saratani inavyowasaidia wagonjwa na jamii yake. Nisiwafiche msimamo wangu. Hospitali ya saratani inayopokea watu wa Kyerwa na Karagwe haiwezi kuhesabu kwamba jamii yake inaishia kwenye mtaa uliopakana na ukuta wake. Jamii yake ni pamoja na Kaisho, Nkwenda na Murongo. Na kwa mgonjwa wa hapa, malazi na nauli ni sehemu ya dozi, kama ilivyo mionzi.

Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa na mahali pamoja tu pa kupigia mionzi: Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lile la Wajerumani lilifunguliwa mwaka 1897 kuwahudumia Wazungu, likakaa kando ya bahari kwa ajili ya upepo wao. Robert Koch, yule mtaalamu wa vijidudu vya kifua kikuu, alifanyia kazi hapo. Bunge lilitunga sheria ya kuifanya Taasisi ya Saratani Ocean Road ijitegemee, na tangu mwaka 1996 imesimama yenyewe. Heshima yake ni kubwa na sitaipunguza. Ila kutoka Kagera hadi pale ni safari ya zaidi ya kilomita 1,400, na kuna akina mama waliokuwa wakiambiwa "nenda Ocean Road" wakarudi nyumbani kusubiri. Waliitwa wagonjwa waliokataa matibabu. Mimi nasema hakuna aliyewahi kuwapa matibabu wakayakataa. Walipewa karatasi ya rufaa.

Kitengo cha saratani cha Bugando, Mwanza, kilipopata mashine zake za mionzi, mambo yalibadilika kwa Kanda ya Ziwa nzima. Hospitali ile ya kilimani, iliyofunguliwa mwaka 1971, sasa ndiyo kimbilio la Kagera, Geita, Mara, Kigoma na majirani zao. Safari imekatwa zaidi ya nusu. Daraja la Kigongo–Busisi nalo lilipofunguliwa Juni 2025 liliwaondolea wagonjwa foleni ya kivuko. Haya ni maendeleo, nayaona na nayashukuru.

Lakini mgonjwa wa Murongo hasafiri kutoka Busisi. Kwanza ana zaidi ya kilomita 100 za kufika Omugakorongo, na ninyi mnaijua barabara hiyo mvua za masika zinapokolea. Kisha Kyaka, Muleba, Biharamulo, Chato, Geita. Mtu mwenye kidonda kinachotoa damu, au aliyezibwa koo la chakula kiasi kwamba hata uji haupiti, anakalishwa kwenye kiti cha basi siku nzima. Akifika, vipimo havikamiliki siku hiyo. Kinyama kikikatwa hupelekwa maabara, na majibu huchukua siku, wakati mwingine wiki. Arudi Murongo kusubiri, au abaki Mwanza?

Hapa ndipo kahawa inapoingia, na ningependa wachumi wasikilize. Kwetu huku mtu akibanwa huuza kahawa kwa butura: ikiwa bado maua, au punje changa mtini, anampa mnunuzi mavuno ya msimu ujao kwa bei ya shida. Serikali imepiga vita butura kwa miaka na miaka, na vita hivyo havijaisha kwa sababu shida hazijaisha. Baba anapougua tezi dume, mama anapougua titi, shamba huuzwa mtini. Katika vitabu vya hospitali mgonjwa ataandikwa kwamba alitibiwa kwa msamaha wa malipo, maana sera ya afya inaiweka saratani kwenye magonjwa sugu yanayostahili msamaha. Msamaha huo, hata unapotekelezwa barabara, haulipi nauli wala gesti. Familia imelipa matibabu kwa mavuno ya mwaka ujao, na hakuna risiti.

Kwa hiyo ninapoulizwa hospitali bingwa inamsaidiaje mgonjwa, siangalii kwanza aina ya mashine. Natafuta kama kuna nyumba ya kulala wagonjwa wa mbali ambao hawahitaji kulazwa wodini. Natafuta afisa ustawi wa jamii mwenye bajeti. Wengi mno wana dawati na huruma tu. Natafuta mtu mwenye orodha ya simu ambaye mgonjwa asipotokea Jumatatu anampigia kabla ya saa sita mchana. (Na aandike namba mbili, kwa sababu hapa mpakani simu hushika mtandao wa ng'ambo bila kuombwa.)

Kwa watoto tumeshaona inawezekana. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na wodi ya saratani ya watoto Muhimbili, liliweka hosteli ya watoto na wazazi wao, Nyumba ya Ujasiri, pamoja na chakula, nauli na masomo, likaendelea kushirikiana na hospitali za kanda, Bugando ikiwamo. Haikuwa hisani ya pembeni. Mtoto mwenye saratani ya damu hutibiwa kwa miaka, siyo kwa wiki, na mzazi asipopata pa kukaa atamchukua mwanawe aondoke naye mara tu mtoto anapoanza kucheza tena. Anaona amepona. Daktari anajua ugonjwa umelala tu.

Nikigusa watoto siwezi kuruka uvimbe wa taya, kwa sababu eneo letu hili limeufundisha ulimwengu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukivimbisha mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari maili zipatazo 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali za misheni wameuona wapi. Waligundua kwamba unafuata joto na mvua. Baadaye ikaonekana kwamba malaria na kirusi cha Epstein-Barr vina mkono ndani yake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa mwaka 1967 kutokana na ugonjwa huu. Uvimbe huo ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu: unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili. Vilevile ni miongoni mwa zinazoitika vizuri dawa. Mtoto wa Kyerwa mwenye taya lililovimba ana siku chache, na siku hizo ziko mikononi mwa mganga wa zahanati anayedhani ni jino.

Sasa twende kwa majirani zetu wa Rwanda, maana wao walifanya jambo ambalo wengi walidhani ni kichaa. Mwaka 2012, pamoja na shirika la Partners In Health, walifungua kituo cha saratani Butaro, wilaya ya Burera, vilimani kaskazini, mahali pa mashamba. Hawakuwa na mashine ya mionzi. Waliohitaji mionzi walisafirishwa nje ya nchi, Uganda na baadaye Kenya. Kilichokuwapo Butaro ni maabara ya kupima vinyama, dawa za dripu, wauguzi waliofundishwa kuzichanganya na kuzitundika, ushauri wa mabingwa kwa njia ya simu na kompyuta, na fungu la nauli na chakula kwa wasiojiweza. Daktari wa kawaida na muuguzi, wakifuata mwongozo ulioandikwa na kuwa na bingwa wa kumuuliza, walitibu titi, saratani za damu na uvimbe wa watoto.

Najua pingamizi. Rwanda ni ndogo, na wafadhili walikuwa wengi. Yote ni kweli. Hata hivyo somo la Butaro haliko kwenye ukubwa wa nchi. Walitenganisha yale yanayohitaji bingwa na mashine kubwa na yale yasiyohitaji, wakayasogeza haya ya pili karibu na mgonjwa. Sisi bado tunamfungia mgonjwa kila kitu katika safari moja ndefu.

Kidogo kuhusu kambi. Madaktari bingwa wanapokuja wilayani kwa siku tano au sita, watu hujitokeza kwa wingi, na ni jambo jema. Kupima mlango wa kizazi kwa siki ni kipimo rahisi, muuguzi anaona doa jeupe na anaweza kuligandisha au kulichoma siku hiyohiyo. Hapo kambi inaokoa maisha kabisa. Vilevile wenzetu wenye ualbino, ambao jua linawapa saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, wanapopatiwa kofia, mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara, wanaepuka kisu. Na chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa nchini kote tangu Aprili 2018, sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Msikubali binti apitwe. Ila kambi inayomgundua mtu ana saratani iliyokomaa, ikafunga mahema bila kumpa tarehe, nauli na jina la atakayempokea, imemwongezea hofu na kuondoka.

Nimebakiwa na jambo gumu zaidi, la wale ambao hawatapona.

Kuvuka Mto Kagera huu kuingia Uganda, kisha kupanda hadi Mbarara, kuna huduma ambayo sisi hatujaifikia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 1998 tawi la Mbarara likaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Dawa yao kuu ni mofini ya maji: unga unaochanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, ya kijani ikiwa ndiyo hafifu. Hunywewa kila baada ya saa nne, na ya usiku huongezwa ili mtu alale. Inafunga choo, hivyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha. Dawa hiyo ya kulainisha ilipokosekana, wauguzi wa kule wamezoea kushauri mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Gharama ya mofini hiyo ni ndogo. Uganda ilikwenda mbali zaidi: ilibadili kanuni ili muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa maumivu, aruhusiwe kuiandika mwenyewe, maana wilayani daktari hayupo usiku.

Tanzania nayo ina tiba shufaa. Ocean Road hutengeneza mofini ya maji, na kanisa la KKKT liliianza huduma hiyo katika hospitali ya Selian, Arusha, likaipeleka katika hospitali zake nyingine. Tatizo ni umbali kati ya chupa na kitanda. Na msifikiri mtaivusha kutoka Kikagati, ng'ambo ya Uganda, mfukoni: mofini iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, na anayekutwa nayo mpakani bila vibali ana kesi. Maporomoko ya mto huu yanatoa megawati 14, na nchi mbili zilikaa zikakubaliana kuzigawana nusu kwa nusu. Sioni kwa nini wizara mbili za afya zisikae vivyo hivyo zikaandika utaratibu wa mgonjwa wa tiba shufaa wa kijiji cha mpakani.

Nina pendekezo moja la kuanzia, na nimelichagua kwa sababu halihitaji jengo. Wanawake wengi wenye saratani ya titi inayochochewa na homoni, wakishamaliza upasuaji na dripu, hubaki na kidonge kimoja kwa siku, tamoxifeni, kwa miaka mitano au zaidi. Nimeongea na wanaokwenda Mwanza kukifuata na wanaokiacha kwa kukosa nauli. Kumbukeni dawa za Ukimwi, ARV: leo tunazichukua zahanati, lakini zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 zilianzia hospitali kubwa tu, na kulikuwa na wataalamu walioapa kwamba zahanati za vijijini haziziwezi. Mkoa huu, uliougua Ukimwi kabla ya mikoa mingine, leo unajua kwamba zinaweza. Bingwa abaki Bugando amwone mama huyu mara moja kwa mwaka. Vidonge vya miezi iliyo katikati vitolewe Nkwenda, Kaisho na hapa Murongo, na muuguzi wa hapa awe na namba ya simu ya bingwa huyo.

Mganga Mkuu wa Wilaya yupo, na mfamasia wake nimemwona. Tuanze maswali, na ningeomba la kwanza litoke kwa mtu aliyewahi kumuuguza ndugu yake Mwanza.