Waziri wa Fedha Akijibu, Sisi Tusikilize Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eastlands, Nairobi)



Tuliombwa tuzungumze juu ya bajeti, lakini tungependa kuanzia kando kidogo, kwenye maswali ya Bunge. Bajeti husomwa siku moja tu, mwezi wa Juni. Waziri wa Fedha hupigwa picha akiwa ameinua mkoba, hotuba husomwa kwa masaa, na jioni tunaambiwa ni nini kimepanda na ni nini kimeshuka. Wengi wetu tunazima redio hapo. Kumbe mambo ya ushuru hayaishi siku hiyo. Wabunge humwuliza waziri: kwa nini umetoza hiki na ukaacha kile? Umekusanya kiasi gani? Zimeenda wapi? Majibu yake huandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu za Bunge ziitwazo Hansard, na mwananchi yeyote ana haki ya kuzisoma.

Zamani waziri alikuwa mbunge kama wenzake. Alisimama akasema, "Bwana Spika, naomba kujibu," kisha akasoma karatasi iliyoandikwa na maofisa wake. Jibu lilikuwa fupi. Serikali haina habari. Au serikali ina habari, na hatua zitachukuliwa fedha zitakapopatikana. Tunaona wazee wanacheka, maana wanayakumbuka hayo. Lakini jibu la kwanza halikuwa kitu. Kazi ilikuwa katika maswali ya nyongeza, kwa sababu hayo hayakuwa na karatasi.

Katiba ya 2010 ikasema waziri asiwe mbunge. Kwa hiyo kuanzia 2013 mawaziri wakawa wanaitwa mbele ya kamati tu. Kifungu cha 153 kinasema waziri akiitwa na kamati lazima aje ajibu. Halafu Bunge likabadilisha kanuni zake, na mwaka 2023 mawaziri wakarudi kujibu maswali mbele ya wabunge wote. Sisi tunaona hiyo ni hatua nzuri, hata kama siku nyingine kelele ni nyingi kuliko majibu.

Sasa, ni kwa nini mama wa maandazi wa Korogocho ajali mambo haya? Tuchukue mfano ambao kila mmoja anaujua kwa jina. Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg ilipewa ruhusa, yenyewe peke yake, kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Wakati ule serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipa wanaouza bidhaa nje, ili nchi ipate fedha za kigeni. Kawaida mtu alilipwa asilimia 20 ya thamani ya mali aliyouza. Goldenberg wakakubaliwa asilimia 35. Pesa hizo zilitoka wapi? Zilitoka Hazina, yaani katika ushuru wa sukari yako na sabuni yako.

Hebu fikirini swali ambalo mtu yeyote wa kijijini angeuliza: hiyo dhahabu inachimbwa wapi? Kenya haikuwa na mgodi wa almasi hata mmoja, na dhahabu yake ilikuwa kidogo sana. Swali lenyewe halihitaji digrii. Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, aliziona karatasi za malipo zikipita mezani pake, akazitoa, zikafika kwa wabunge wa upinzani mwaka 1993. Hapo ndipo Bunge likaanza kuuliza kwa nguvu. Munyakei alikamatwa na kupoteza kazi yake. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bosire iliundwa mwaka 2003, miaka kumi baadaye, na Munyakei mwenyewe alifariki 2006. Tunamtaja kwa sababu watu husema swali la Bunge ni maneno matupu. Swali likiwa na karatasi nyuma yake si maneno matupu, na ndiyo maana mtu anaweza kuadhibiwa kwa kuitoa karatasi hiyo.

Tuje karibu na nyumbani. Mwaka 2018 mafuta ya taa yalipandishwa bei na ushuru mpya wa shilingi 18 kwa kila lita. Sababu ya Hazina ilikuwa hii: wafanyabiashara wakora wanachanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa vile mafuta ya taa ni rahisi, na injini za watu zinaharibika. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, uchanganyaji ulikuwapo. Lakini dawa walipewa watu gani? Aliyechanganya alikuwa na lori la mafuta. Aliyelipa alikuwa mama wa Mathare anayenunua mafuta ya kibuyu kimoja jioni ili apike ugali. Watu wakarudi kwenye makaa, na wengine wakachoma mbao na plastiki ndani ya chumba kimoja wanamolala watoto.

Jibu la waziri linaweza kuwa la kweli na bado likawa si jibu la swali letu. Yeye anajibu juu ya dizeli, sisi tunauliza juu ya jiko. Kwa hiyo mbunge wetu akiwa na nafasi ya swali la nyongeza, asipoteze muda kubishana kama uchanganyaji upo. Aulize: ni malori mangapi yamekamatwa, na ni nyumba ngapi zinazotumia mafuta ya taa kupikia?

Kuna neno jingine ambalo linatuchanganya. Waziri anaposema, "Hatujaweka VAT kwa unga au mkate," msikilize vizuri. Kuna njia mbili za kutoweka VAT. Njia ya kwanza huitwa kiwango cha sufuri. Mwenye kiwanda cha mkate akinunua karatasi za kufungia kwa shilingi 100, analipa VAT ya shilingi 16, kisha anazidai kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, na kurudishiwa. Njia ya pili ni msamaha. Mkate umesamehewa, ndiyo, lakini zile shilingi 16 harudishiwi. Mnafikiri atazitoa mfukoni mwake? Atazitia kwenye mkate. Basi waziri akihamisha bidhaa kutoka sufuri kwenda msamaha, anaweza kusimama na kusema bila kudanganya kwamba hakuna ushuru mpya, na wewe dukani ukute bei imepanda. Kila Mswada wa Fedha ukitoka, tafuteni hayo maneno mawili kwanza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kikundi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa jioni moja.

Jambo ambalo tungetaka kukaa nalo ni mitumba, maana hapa ndipo vikundi vyetu vyenyewe vinagawanyika.

Mwaka 2016, mwezi wa Machi, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba nchi zetu ziache kuingiza nguo kuukuu hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wenye umri wetu wanakumbuka Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, na jinsi zilivyofungwa baada ya milango ya biashara kufunguliwa katika miaka ya tisini. (Si mitumba peke yake iliyoziua. Pamba ilikuwa imekufa shambani, na usimamizi wa viwanda wenyewe ulikuwa na kasoro.) Rwanda ikafuata maneno hayo kwa vitendo. Ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo moja hadi dola mbili na nusu. Pigeni hesabu kwa robota la kilo 45: kutoka dola 9 hadi zaidi ya dola 112.

Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Marekani ilikuwa na sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo zilizoshonwa Afrika kuingia kwao bila ushuru wa forodha. Mwaka 2017 wakaanza kuuliza kama nchi hizi zinastahili kubaki katika mpango huo. Kenya ikarudi nyuma haraka. Uganda na Tanzania nazo zikalegeza. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha.

Tulipoeleza habari hii katika kikundi kimoja tunachokitembelea, mkutano uligeuka soko. Mama wa cherehani alisema Rwanda ndiyo imefanya sawa. Yeye anashona yunifomu Januari tu. Miezi mingine anakaa akitazama watu wakipita na magauni ya shilingi hamsini. Mama wa Gikomba akamjibu kwamba robota likipanda bei hata kidogo, yeye hatafungua tena. Akifungua robota hajui atakuta nini. Akikuta kamera nyingi, yaani zile nguo safi za kwanza, analipa karo. Akikuta fagia tupu, anadaiwa na aliyemkopesha. Na kila mmoja alikumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilipopiga marufuku mitumba kuanzia karibu na mwisho wa Machi hadi Agosti. Kuna waliouza vitanda vyao.

Halafu mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza akasema binti yake yuko Athi River, katika kiwanda kinachoshona suruali za kupelekwa Marekani. Kenya ikigombana na Marekani juu ya mitumba, binti huyo ndiye wa kwanza kuambiwa asije Jumatatu.

Watu watatu wa kikundi kimoja, wa mzunguko mmoja wa pesa, na kila mmoja anataka jibu tofauti kutoka kwa waziri. Hatukuwaambia nani ana haki, maana wote watatu walikuwa wanasema kweli. Ila tuliwaomba waache kuuliza "ushuru upande au ushuke," kwa sababu swali hilo litawavunja, na waziri atafurahi kulijibu: atasema serikali inapima maslahi ya pande zote, kisha ataketi.

Wakakaa karibu masaa mawili, wakatoka na maswali mengine. La kwanza: pesa zinazokusanywa bandarini kutokana na mitumba ni kiasi gani kwa mwaka, na ni sehemu gani ya hizo inarudi kumsaidia mwenye cherehani? La pili: kwa nini fundi mdogo anaponunua kitambaa, uzi na zipu analipa VAT ambayo hawezi kuidai, ilhali mwenye kiwanda kikubwa anaidai? La tatu lilitoka kwa yule mzee: ikiwa msamaha wa Marekani utaondoka, wizara ina mpango gani kwa wafanyakazi wa viwanda vile? Maswali haya mama wa mitumba anaweza kuyatia sahihi pamoja na mama wa cherehani. Kwetu sisi huo ndio ulikuwa ushindi wa siku ile, ingawa hakuna aliyepiga makofi.

Je, yanafikaje Bungeni? Njia ya kawaida ni mbunge. Msimfuate kwenye mazishi. Nendeni ofisini kwake mtaani, mkiwa na barua yenye jina la kikundi na sahihi, mkabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Njia ya pili ni ombi la umma kwa Bunge, ambalo Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipeleka. Linaandikiwa Karani wa Bunge, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kamati hupewa muda maalumu wa kulishughulikia. Njia ya tatu ni wakati wa Mswada wa Fedha. Kamati ya Fedha ya Bunge hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni ya wananchi, kwa kawaida mwezi wa Mei, na muda wenyewe ni mfupi.

Watu wengi wamekata tamaa na hiyo njia ya tatu, na hatuwalaumu. Mwaka 2024 maoni mengi yalipelekwa. Tarehe 18 Juni, siku ambayo vijana walianza kuandamana Nairobi, ilitangazwa kwamba VAT ya mkate na ushuru wa mafuta ya kupikia vimeondolewa. Mswada uliobaki ukapitishwa tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo watoto wa watu walipigwa risasi barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Kuna nyumba katika mitaa yetu zenye picha ya kijana ukutani tangu mwezi ule. Kwa hiyo mtu akituambia maoni ya karatasi hayasikilizwi mpaka damu imwagike, hatuna jibu rahisi la kumpa. Tunachoweza kusema ni kwamba mkate ulikuwa umeandikwa katika zile karatasi kabla haujaimbwa barabarani. Na barua yenye muhuri na tarehe ndiyo kitu ambacho hata mahakama inaweza kukiuliza: maoni haya mliyapokea, mbona hamkusema ni kwa nini mmeyakataa?

Kila kikundi kilete maswali mawili, si zaidi, kwa mkutano wa mwezi ujao. Yaandikwe upande mmoja wa karatasi, kwa maneno mnayoyatumia sokoni. Andikeni bei mlizolipa wenyewe na tarehe, mkiwa na risiti mzilete. Katibu mwenye mwandiko unaosomeka atangulie kuja saa tatu asubuhi, tuyapange yale yanayofanana kabla wengine hawajafika.