Gari ni Amana, Si Fahari



Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu mliotoka Unguja, Mombasa, London na Toronto, na wenyeji wenzangu wa Muscat. Kamati imenitaka niseme machache juu ya gari. Huenda baadhi yenu mkaona jambo hili ni dogo mno kwa mkutano wa ukoo. Nawaomba mnistahamilie.

Jamaa zetu waliorejea hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliikuta nchi ikiwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Leo mtu hutoka Muscat alfajiri akafika Salalah jioni, mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Ni neema, na tumshukuru Mola. Lakini neema ikikosa adabu hugeuka balaa.

Mwanangu alipofaulu masomo yake nilimnunulia gari kubwa kwa mkopo. Nasema kweli mbele yenu: sikulinunua kwa haja yake, bali kwa fahari yangu. Nilitaka mashemeji waone. Miezi saba baadaye, usiku, katika njia ya Salalah, aligonga ngamia. Ngamia ana miguu mirefu. Gari humpiga miguuni, na kiwiliwili chake chote huangukia kioo cha mbele. Kijana alinusurika kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, na kwa mkanda alioufunga. Mmemwona jana akiwapokea mlangoni, naye anachechemea. Gari lililipwa na bima; mguu haukupata wa kuulipa.

Waliokuja kunipa pole walisema, "Ajali haina kinga." Nawashukuru, kwani walitaka kunifariji. Lakini moyoni nilijua kuwa mwendo ule wa kilomita 150 kwa saa ulikuwa na kinga, nayo ni baba kusema hapana.

Basi nina maombi matatu.

Kwanza, tusinunue gari kwa kutazama la jirani. Mnunuzi na akague matairi, breki na mfuko wake kabla ya kuitazama rangi. Nanyi mnaotaka kuwapelekea jamaa gari Mombasa, kumbukeni kuwa Kenya haipokei gari kuukuu lililozidi miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto kama haya yetu ya Muscat.

Pili, ukoo wetu umetawanyika pande mbili za barabara. Unguja, Mombasa na London magari hupita kushoto. Hapa na Toronto hupita kulia. Mgeni akitaka kuvuka hutazama upande ambao gari haliji. Kila mwenyeji na amwangalie mgeni wake siku za mwanzo, wala asimpe usukani akiwa bado na uchovu wa safari.

Tatu, mama, mke au mtoto akisema, "Punguza mwendo," dereva apunguze, asimwone mwoga. Mke wangu alimwambia mwanetu maneno hayo mara nyingi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka.

Keshokutwa tutaagana. Mola awafikishe nyote salama, na atukutanishe tena tukiwa na idadi hii hii, au zaidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.